Si damu jamani, ni mawese

Naona bora nisimulie mwenyewe, maana hapa Mwanga, Kigoma, kila mtu ana habari yake kuhusu yaliyonikuta sokoni na pikipiki yangu. Wengine wanasema nilikuwa nimelewa, wengine wanasema nimerogwa Ujiji, na kuna dogo mmoja wa bodaboda anaapa kwa mama yake mzazi kwamba aliiona pikipiki inajiendesha yenyewe mi nimekaa tu juu nimefumba macho nasali. Kufumba macho kweli nilifumba. Hayo mengine uongo.

Asa ili unielewe lazima kwanza uujue ugonjwa wangu. Mi ni mgonjwa wa pikipiki za zamani za Kijapani. Sizungumzii hizi bodaboda za siku hizi, hizi zote mapacha, ukipaki yako kijiweni ukizubaa unaondoka na ya mwenzio mpaka Mwandiga ndo unashtuka mbona siti ngumu. Nazungumzia ile enzi Wajapani walikuwa wanajaribu kila kitu, yani unaona kabisa injinia kaamka na wazo lake asubuhi na ofisi nzima hakuna wa kumwambia bwana we tulia. Suzuki mwaka 1974 wakatoa RE5, haina pistoni, ndani kuna rota ya pembetatu inazunguka, alafu saa zake za mbele zimefunikwa, ukiwasha swichi kifuniko kinafunguka chenyewe. Honda nao 1978 wakatoa CBX, silinda 6 zimepangwa kwa mstari kukata pikipiki, ukiitazama kwa mbele unaona mabomba 6 ya ekzosi yanashuka, unajiuliza huyu mtu magoti anaweka wapi. Kuna Suzuki GT750, tu-stroki (zile injini zinazochoma oili pamoja na petroli) ya silinda 3 inayopozwa na maji, ina rejeta kabisa, Waingereza wakaipa jina la Birika. Mi usiku watu wakilala natoa simu naangalia vitu hivi vinavyouzwa huko Uingereza, Marekani na kwenyewe Japani. Bei siangalii, nina presha. Naangalia picha, naikuza mpaka naona kutu kwenye nati.

Mke wangu siku moja akanifuma saa nane usiku nimejifunika shuka na mwanga wa simu usoni. Akaninyang'anya. Akakuta ekzosi. Alikaa kimya muda mrefu alafu akasema "bora ingekuwa wanawake, ningejua pa kuanzia".

Basi. Nikaenda msibani Ujiji, na msiba wenyewe ulikuwa wa watu wa mbali kidogo, nikatoka kwenda kutafuta choo uani, napita kwenye banda nikaona kuku kalalia mayai juu ya kitu chenye umbo la siti. Nikainama. Kuku akanidonoa, nikavumilia. Chini ya magunia ya mkaa na mtumbwi mbovu kulikuwa na tanki la mafuta limepakwa rangi ya kijani kwa brashi, ile rangi ya madirisha, nikakwangua kwa ukucha, chini yake bluu, nikakwangua tena, chini yake nyeupe ile yenye mng'ao wa lulu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikapangusa shingo ya fremu kwa shati langu la msibani nikasoma herufi za kwanza: DT1.

Kwa wasiojua, Yamaha DT-1 ilitoka mwaka 1968. Cc 246, silinda moja, tu-stroki. Kabla yake Wamarekani waliokuwa wanataka kwenda porini na pikipiki walikuwa wanachukua pikipiki nzito za barabarani wanazikatakata madigadi, wanafunga tairi za vipele, wanaenda kuteseka. Yamaha wakawaletea iliyo tayari, nyepesi, ndefu, unatoka nayo dukani unaingia nayo msituni, na kampuni zingine zote zikafuata. Zile DT walizokuwa wanapanda mabwana shamba na mapadri tulivyokuwa wadogo, huyu hapa ndo babu yao. Na babu alikuwa Ujiji anatagiwa mayai.

Marehemu nikamsahau, Mungu anisamehe. Nikamtafuta mwenye banda, mzee wa kanzu na kofia ya mkono, ana sauti ya pole pole.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu."

"Ile pikipiki inauzwa?"

"Humu ndani kinauzwa kila kitu isipokuwa huyo kuku."

Akaniambia aliinunua ujanani kwa Mbelgiji mmoja Bujumbura, akavuka nayo ziwa kwa boti, akaipanda miaka na miaka mpaka magoti yakagoma. Nikamuuliza swali moja tu la maana, mzee, inaenda? Akanitazama, akasema, "Inaenda mwanangu. Tena hiyo inaenda popote."

Mkumbuke hilo neno.

Tukapatana laki nne na nusu na nimjengee kuku banda lake. Mke wangu nilimwambia laki moja. Banda sikumwambia kabisa.

Fundi wangu ni mtaalamu, mtaa mzima unamtegemea, ila ni mtu wa bodaboda, amekulia kwenye CDI, kile kiboksi cheusi cha kuwashia plagi, ukifunga umemaliza. Hii ya kwangu moto wake unatoka kwenye magineto yenye pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, na vinapoachana ndo plagi inapiga. Ukiviweka vibaya moto unakuja mapema au unachelewa. Nikamwambia kaka hapa inatakiwa kupima, pistoni ikiwa imebakiza milimita chache kufika juu, hapo ndo pointi zifunguke. Akaniambia "mkuu, hii pikipiki, sio saa". Akachana kipande cha boksi la kiberiti, akakipenyeza kwenye pointi, akafumba jicho moja, akasema tayari.

Alafu kuna suala la oili. Yamaha tangu 1964 walikuwa na mfumo wa Autolube, oili ina kitanki chake pembeni na pampu inaigawa yenyewe kwenye injini, huna haja ya kuichanganya na petroli. Nikamweleza fundi vizuri. Akatikisa kichwa akasema chombo cha miaka hiyo hakiwezi kujikorogea, akajaza kitanki, alafu nilipoenda kununua vocha akachanganya na kwenye petroli. Ilipowaka mara ya kwanza mbu wa mtaa mzima walihamia Gungu. Jirani alitoka anauliza nani anachoma tairi.

Lakini ilikuwa nzuri jamani. Nilikuwa nimeing'arisha tanki mpaka ile nyeupe ikarudi, nimepaka fremu nyeusi, siti mpya ya kushonesha. Nikapiga picha pale chini ziwa likiwa nyuma yake, nikaitangaza. Sikuwa nataka kuuza sana, nilitaka watu waulize bei nifurahi. Jamaa mmoja wa Dar, mpenzi wa hivi vitu, akaniuliza maswali ya mtu anayejua, akataka picha ya namba ya injini, kisha akanyamaza. Ijumaa napigiwa simu, yuko stesheni ya Kigoma, kashuka na treni, macho mekundu, vumbi mpaka kwenye kope, anauliza iko wapi.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka karibu na soko. Kwa nini sokoni? Kwa sababu wale vijana wa kijiweni walikuwa wananicheka mwezi mzima wananiita Mkusanya Chuma, na mi nikasema leo mtaniamkia. Kuna barabara ya pembeni pale inapanda, nikaiweka pua inatazama mlima, mteja kasimama kushoto ananirekodi na simu, fundi kulia kakunja mikono. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja na biashara yake, madumu ya mawese, beseni la kupimia, ungo wa dagaa. Akaniambia kwa heshima kabisa "baba, huo moshi wako unaingia kwenye dagaa wangu".

Nikamjibu, "Vumilia mama, sasa hivi naenda mbele."

Kiki ya cc 246 ya silinda moja sio ya mchezo, inataka mguu wa mtu aliyekula. Nikapiga, kimya. Nikapiga, ikakohoa, moshi ukatanda mpaka nikawa simwoni mama wala madumu yake. Vijana wakaanza zile "ooooh". Nimechoka, nimevaa kandambili, nikapiga ile kiki ya nusu nusu ya kukata tamaa, na kiki ikarudi kwa nguvu ikanigonga kwenye muundi, nikaona nyota, na wakati huo huo injini ikawaka.

Ikawaka, ila mlio ukawa mwingine. Mzito, unakoroma. Fundi akakunja uso, "mkuu mbona inaguna?" Nikamwambia ndo mlio wa kizamani huo, hujazoea. Nikabana klachi, nikaingiza gia namba moja, na kwa sababu mbele kuna mlima nikakanyagia mafuta ya kutosha, nikamtazama mteja kwenye kamera nikatikisa kichwa kidogo hivi kiheshima, nikaachia klachi.

Hapa nisimame nieleze kitu, maana ndipo watu wanaleta habari za uchawi. Injini ya kawaida, ile ya four stroki, ina valvu zinazofunguliwa na kufungwa kwa zamu, zamu hiyo haigeuki, ukijaribu kuizungusha kinyume haipumui. Tu-stroki ya zamani ya namna hii haina valvu. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, pistoni ikipanda inafungua hili inaziba lile, ikishuka hivyo hivyo. Pistoni haijali krenki, ule mhimili inaouzungusha, inazungukia kulia au kushoto, kwake yeye ni kupanda na kushuka tu. Sasa kama pointi zimewekwa kwa boksi la kiberiti na moto unakuja mapema mno, na mpiga kiki mguu umechoka, pistoni kabla haijafika juu inakutana na mlipuko, inasukumwa irudi ilikotoka, krenki inageuka, na injini inaendelea kuwaka kwa raha zake huku inazunguka kinyume. Na ikizunguka kinyume, gia zote tano ni za rivasi. Sio Yamaha peke yake, tu-stroki nyingi za pointi za miaka ile zinaweza kukufanyia hivyo. Ni fizikia. Imeandikwa.

Ila fizikia haikuwepo kichwani kwangu wakati ule. Kichwani kulikuwa na mlima wa mbele, na mlima ukawa unaniacha. Naona mteja anasogea mbali na simu yake, naona fundi anafungua mdomo, kifua kimepiga tanki, mkono umebaki na mafuta, na kila nikitaka kujishika nazidi kuvuta. Mama wa watu akapiga yowe moja "Yesu wangu na Maria!" nikasikia tairi ya nyuma inapanda ungo wa dagaa, ile kacha kacha, alafu dumu likapasuka, alafu mimi na kandambili moja tukaingia kwenye beseni.

Mnaojua mawese mnajua. Yale mapya, mekundu kabisa, ya moto wa jua la saa tano. Nimekaa ndani ya beseni nang'aa kama andazi la futari, yanachuruzika kichwani yanaingia kwenye macho, na watu wanatoka kwenye moshi wananiona nimelowa wekundu kutoka utosini mpaka kwenye kucha. Mwanamke mmoja akazimia. Kweli, akazimia, akalazwa pembeni ya vitunguu. Mtu akapiga kelele "kapasuka!" mwingine "msimguse shingo!" na mi najaribu kusema ni mawese, ila mdomoni yamo, natoa povu jekundu, wakazidi kulia.

Wakanibeba. Kubeba mtu mwenye mawese sio kazi ndogo, niliwateleza wakaniangusha, wakaniokota, nikateleza tena, hayo maumivu niliyonayo mgongoni ni ya kuangushwa na wasamaria, sio ya pikipiki. Dereva wa bajaji akakataa, anasema atachafua siti, mpaka mzee mmoja akamtishia laana ndo akatandika maboksi. Njia nzima dogo wa bodaboda kanishika mkono ananisomea dua. Nilijaribu kumwambia sina shida. Akaniambia usiongee kaka, tunza nguvu.

Nesi wa mapokezi akaja mbio na pamba, akapangusa paji la uso, akapangusa tena, akatafuta jeraha, hakuna. Akainama akanusa. Akanyanyuka taratibu akawageukia waliokuwa wanalia mlangoni.

"Huyu hajaumia," akasema. "Huyu anataka maharage tu."

Mke wangu kafika analia, kanga moja kichwani moja mkononi, kaambiwa mumeo damu imekwisha mwilini. Nesi akamweleza. Akaacha kulia hapo hapo akauliza, "Madumu mangapi?"

Sasa huku nyuma sokoni pikipiki ilikuwa bado inawaka, imelala ubavu, tairi ya nyuma inazunguka kinyume nyume, na hakuna mtu anayethubutu kuisogelea kuzima swichi. Fundi wangu, mtu mzima, ana familia, alikuwa kasimama hatua ishirini anasema huyo si wa kugusa. Na kwa bahati mbaya ule upande nilioelekea, ukiufuata, ndo wa Ujiji. Basi wakaunganisha. Imekataa kuondoka, inarudi kwa mwenyewe. Kigoma hapa sifa tunazo tayari, huhitaji kuongeza chumvi, mpaka jioni habari ilishafika Kasulu kwamba kuna pikipiki ya jini inapanda watu.

Mama wa mawese nilimfuata mwenyewe, tukakaa tukahesabu. Dumu moja la lita 20 lililopasuka, beseni, ungo na dagaa wake. Nikamwambia mama dagaa wengine si wameokotwa? Akasema wameokotwa na harufu ya petroli, utakula wewe? Nikanyamaza. Alafu akalitazama shati langu, akalishika pindo, akalikamua kidogo kwa vidole viwili, tone likaanguka. "Na haya uliyoondoka nayo je?" Tukaongeza robo lita.

Kesho yake mzee wa Ujiji akaja, kaletwa na uvumi. Watu wamejazana uani kwangu wanataka waone kama pikipiki itamtambua. Nikamsimulia yote. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani hukujua inarudi nyuma?"

"Mzee wangu, ulikuwa unajua?"

"Mi ndo ilivyokuwa inanisaidia mwanangu. Vichochoro vya kwetu vyembamba, ukiingia huwezi kugeuza. Unaizima, unaipiga kiki ya nusu, inakutoa nyuma nyuma mpaka barabarani. Nilikwambia inaenda popote."

"Mbona hukunifafanulia?"

"Ungeniongeza hela?"

Akaomba spoki ya baiskeli na karatasi ya sigara. Akafungua plagi, akaingiza spoki kwenye tundu lake, akawa anazungusha injini kwa mkono polepole huku ukucha wa dole gumba umebana spoki kama alama, anaipandisha, anaishusha kidogo. Karatasi ya sigara kaibana katikati ya pointi, anaivuta taratibu, inagoma, anasogeza kidogo, inagoma, anasogeza, ikateleza ikatoka. Akakaza skrubu. Hakufumba jicho. Fundi wangu alikuwa kachuchumaa pembeni hapumui. Mteja wa Dar anarekodi.

Kiki moja nzima, ikawaka, mlio safi. Mzee akakunja kanzu akapanda, akaenda mpaka getini, mbele. Akazima. Akaipiga ile kiki yake ya nusu, ya kimahesabu, ikaguna, na akarudi nyuma nyuma uani mgongo umenyooka, hajageuza hata shingo, akapita kati ya kamba ya nguo na ndoo za maji, akasimama pale pale alipoanzia. Watu waliokuja kuangalia jini wakapiga makofi. Wengine wakaondoka haraka zaidi kuliko walivyokuja.

Mteja akasema atafikiria, akapanda treni. Akaniachia zawadi moja, ile video, alishaituma kwa kila mtu anayemjua kabla hajafika Uvinza. Sasa napigiwa simu na watu wa Mwanza, Mpanda, mpaka ng'ambo ya ziwa. Jana usiku kuna mmoja kaniamsha, hata salamu hakuna.

"Kaka, ile Yamaha bado ipo?"

"Ipo."

"Inatembea?"

"Inatembea vizuri tu kaka. We unataka kwenda upande gani?"